Wifi Yangu Mpima Mkondo

Wifi yangu anajua kukaa kwenye boti. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, kabla ya mengine yote. Mimi nimefanya kazi ya kupima maji ya bahari miaka kumi na saba, na mpaka leo boti ikiyumba nashika ubao kwa mikono miwili kama mgeni. Yeye siku ya kwanza kabisa alikaa ukingoni, mguu mmoja umening'inia, mwingine ameukunja chini yake, akamenya chungwa. Nahodha wetu, mtu asiyesifu hata watoto wake mwenyewe, alimtazama kidogo akasema, "Huyu wa kwetu huyu." Mimi ananiita Madamu tangu tuonane, na nadhani nitakufa nikiitwa Madamu.

Ni mdogo wa mume wangu, kitinda mimba kwao. Alikuja kwetu alipomaliza chuo, na begi moja na jozi mbili za viatu, akae miezi mitatu hivi mpaka apate pake. Akakaa miaka sita. Chumba cha nyuma, nilichokuwa nimekikusudia kiwe cha vitabu vyangu, kikawa chake. Vitabu vikaingia uvunguni mwa kitanda chetu, na kila nikihitaji kimoja ilinibidi nipige magoti na kufuta vumbi, huku nikimsikia nyuma ya ukuta akiimba.

Hakuwa mvivu. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mvivu. Aliamka wa kwanza, akafua, akachemsha maji, akawafunga watoto viatu huku akiwasimulia hadithi ya uongo mtupu kuhusu pweza aliyekuwa na viatu vinane na kila asubuhi hukosa kimoja. Watoto walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Mimi nikiwaambia wanywe chai, wanakunywa. Basi.

Kazi pia nilimtafutia mimi. Mradi wetu ulikuwa na nafasi ya msaidizi, na jioni moja mume wangu alisema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Dada yangu amesomea mambo hayo hayo yako, eti." Nikampeleka.

Ofisi yetu ni vyumba viwili katika jengo lililokuwa ghala la barafu. Ukutani bado zipo ndoano kubwa za kutundikia samaki. Sisi tunatundika makoti ya mvua na maboya. Kazi ni kutafuta mahali pa kuweka vizimba, yaani nyavu zinazoning'inizwa kutoka kwenye duara za plastiki zinazoelea, samaki wakafugwa ndani ya bahari yenyewe. Mtu akisikia anasema bahari ni kubwa, weka popote. Sivyo. Kina kisipotosha, uchafu unarundikana chini ya wavu na kuoza. Mkondo ukiwa mkali, wavu unalala ubavu na samaki wanachoka kuogelea. Ukiwa hafifu, wanabaki kupumua maji yale yale waliyokwisha kuyapumua. Karibu na mto, mvua zikinyesha chumvi inapungua. Karibu na njia ya vyombo, siku moja chombo kitapita juu ya mali yako. Mahali panapofaa ni padogo sana, na kupata hapo ni kwenda, kupima, kuandika, na kwenda tena.

Nilimfundisha kuteremsha kamba ya kina mpaka timazi liguse chini, na kidole kisikilize kama pale ni mchanga au tope. Nilimfundisha kuachia boya lenye mbawa za turubai na kulifuata kwa saa mkononi ili kujua maji yanakwenda kasi gani. Nilimfundisha kuosha kipima oksijeni kwa maji baridi kabla ya kukirudisha sandukuni. Katika miezi minne alikuwa anafanya yote hayo vizuri kuliko mimi, na alikuwa anayafanya akipiga soga.

Kikundi tulichokuwa tukikihudumia kilikuwa na watu ishirini na wawili, wengi wao wanawake waliozoea kuchuuza samaki waliovuliwa na wengine, na sasa wanataka kufuga wa kwao. Walimpenda mara moja. Walimpa jina, Bi Pima. Akiingia kwenye mkutano mtu anamsogezea kiti. "Bi Pima, kaa hapa mwanangu, hapo pana jua." Mimi nilikuwa nimewahudumia miaka mitatu kabla yake, na nilijitafutia kiti.

Najua haya ni mambo madogo. Wivu unakula mambo madogo, ndiyo maana haushibi.

Jambo ambalo halikuwa dogo ni la binti yangu. Ana miaka kumi na mitatu. Alipovunja ungo, alimwambia shangazi yake. Nilikuja kujua siku mbili baadaye, nilipokuta pakiti imefunguliwa bafuni na nikauliza ni ya nani. Wifi akanijibu kwa upole sana, akanivuta pembeni, "Usimseme, wifi. Aliogopa tu. Nilimwambia atakwambia mwenyewe akiwa tayari." Nikasema ahsante. Nikaingia jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo ulipofika wakati wa kuchagua.

Kila mmoja wetu alipewa kupendekeza nukta moja, yaani mahali pa kutia vizimba. Yangu ilikuwa nje ya rasi: kina mita ishirini na nne, chini mchanga, mkondo wa kutosha. Udhaifu wake ni mawimbi. Msimu wa upepo mkali vizimba vingehitaji nanga nzito na kamba nene, na mlinzi asingeweza kukaa kule kila siku. Ya wifi ilikuwa ndani, kwenye mdomo wa ghuba, katikati ya mwamba mkubwa na mwamba mdogo. Mita kumi na sita, maji yametulia, kutoka ufukweni mtu anaona vizimba kwa macho. Vipimo vyake vya mkondo vilikuwa vizuri, hakuna siku hata moja viliposhuka chini ya sentimita kumi na mbili kwa sekunde. Oksijeni, miligramu sita na ushei kwa lita.

Meneja wa mradi wetu alisoma karatasi zote mbili amesimama, akagonga ya wifi kwa kalamu.

"Hii," akasema. "Hii hata mke wangu angeichagua."

"Mke wako anajua mkondo?" Nahodha akauliza toka mlangoni.

"Anajua kuchagua. Mimi alinikataa mara mbili."

Watu wakacheka. Wifi akacheka pia, lakini akasema, "Ya Madamu ina maji mazuri zaidi. Tatizo ni mawimbi tu." Alinitetea mbele ya watu, na hilo ndilo lililonichoma kuliko kama angenyamaza. Mume wangu jioni ile alimpongeza mezani kwa kumkabidhi kipande cha nyama kilichokuwa cha mwisho kwenye bakuli. "Dada yangu bwana," akasema, akitikisa kichwa. Kisha akanigeukia, "Umemfundisha vizuri."

Vizimba vilianza kuunganishwa ufukweni. Vifaranga elfu kumi na mbili wakaagizwa. Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo mwenye sauti kama kengele, aliuza friji lake la biashara ili atimize mchango wake. "La nini friji la samaki waliokufa," alisema, "na mimi sasa nitakuwa na walio hai?"

Kosa nililiona Jumatatu moja, na sikulitafuta. Nilikuwa peke yangu ofisini, nasubiri mvua ipite. Ukutani, kati ya ndoano mbili, tunabandika jedwali la maji kupwa na kujaa la mwaka mzima. Nilikuwa na daftari la wifi mkononi, natazama tu, kama mtu anavyotazama picha ya harusi ya mwingine. Siku ya kupima, tarehe tano. Nikatazama jedwali: bamvua. Tarehe ishirini: bamvua. Mwezi uliofuata, tarehe nne, tarehe sita, tarehe kumi na tisa. Zote bamvua. Nikaketi.

Bamvua ni zile siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, maji yanakimbia. Baina ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, bahari inapanda kidogo, inashuka kidogo, mkondo unalegea. Anayetafuta mahali pa kufugia samaki anatakiwa kujua siku mbaya, si siku nzuri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Wifi anajua. Mimi ndiye niliyemkumbusha.

Lakini gati letu la kushushia boti ni fupi. Waliolijenga waliishiwa na saruji, au na hamu. Siku za maji mafu bahari haifiki mwisho wa mteremko, magurudumu ya mkokoteni yanazama kwenye tope, na Nahodha anasema leo haishuki, kesho haishuki, rudini keshokutwa. Tumezoea hivyo miaka yote. Siku boti ikishuka, tunapima. Isiposhuka, tunaandika ripoti. Hakuna aliyewahi kukaa akajiuliza kwamba boti yenyewe ndiyo iliyokuwa ikituchagulia siku. Daftari zima la wifi lilikuwa la bamvua, na hakudanganya hata tarakimu moja.

Langu pia lilikuwa hivyo hivyo. Nililitazama haraka nikalifunga. Nje ya rasi mkondo haufi, nilijiambia, na ni kweli, lakini siku ile sikuwa nikijua kwa kipimo. Nilikuwa nikijua kwa kutaka.

Wiki hiyo ilikuwa ya maji mafu. Jumanne nilimwambia Meneja nina jino, nakwenda kung'oa. Nikachukua kipima oksijeni na boya la turubai ndani ya kikapu cha sokoni, nikaenda upande wa pili wa bandari kwa mpiga makasia anayevusha watu kwenda kwenye meli zilizotia nanga.

"Meli gani, mama?" akaniuliza.

"Si meli. Nipeleke katikati ya ile miamba miwili."

Alipiga makasia mpaka tukafika, akatazama kulia na kushoto. "Hapa hamna samaki."

"Sitafuti samaki."

"Basi umeangusha pete."

"Sijaangusha kitu."

"Wanawake wakiniambia hawajaangusha kitu, huwa ni pete," akasema, akajilaza na kofia usoni.

Tulikaa pale kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Niliachia boya nikawasha saa. Kwa saa nzima lilisogea mita arobaini, likasimama, likarudi. Nilikokotoa mara mbili: sentimita moja na kidogo kwa sekunde. Nikateremsha kipima oksijeni mpaka mita kumi. Tatu nukta nne, kama nusu tu ya ile ya wifi. Na hapo bado hapakuwa na samaki hata mmoja ndani ya wavu anayepumua. Niliandika yote kwenye ukurasa wa katikati wa daftari langu, kwa mkono mzuri, tarehe na saa juu, kama inavyotakiwa.

Nimejaribu kukumbuka nilichohisi. Ninayemwandikia ni msomaji asiyenijua, sina haja ya kujipamba. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu mbele ya mtu aliyelala.

Niliporudi nyumbani jioni, wifi alikuwa amenipikia supu, ameisaga viazi na karoti mpaka ikawa laini. "Usitafune upande wa kushoto," akasema. "Au ni wa kulia?"

"Kushoto."

"Nionyeshe." 

"Bado panauma, wifi. Kesho."

Nikanywa bakuli mbili, naye amekaa mbele yangu kidevu mkononi, akinitazama kama mtu aliyefurahi kufaa.

Nilipanga hivi. Mkutano wa mwisho na kikundi ulikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata, kesho yake bamvua ingekuwa imefika na vizimba vingevutwa kwenda kwenye nukta. Siku hiyo, mbele ya wote ishirini na wawili, ningesimama wakati wa mengineyo na kutoa karatasi yangu. Nisingemlaumu. Ningesema kwa huzuni. Nilikuwa hata nimechagua neno, "kwa bahati mbaya." Ningesema mapema, ofisini, milango imefungwa, kosa lingesahihishwa kimya kimya na yeye angebaki Bi Pima.

Nafasi za kusema zilikuwepo. Ijumaa alinisukumia ripoti yake juu ya meza. "Nipitie, wifi, kabla sijampa Meneja. Macho yangu yameshachoka nayo." Niliichukua nyumbani. Niliisoma yote, kurasa kumi na tisa. Nikasahihisha herufi kubwa, nikaongeza mkato hapa na pale, pale alipoandika "mkondo ni wa kuridhisha kwa siku zote" nikaweka mstari chini ya "zote" na kuufuta. Nikamrudishia.

"Hamna kosa?" akauliza.

"Madogo madogo tu."

"Wewe ndiye mwalimu wangu," akasema, na alisema kweli, hakuwa na mzaha.

Usiku sikulala vizuri, lakini asubuhi nilikuwa mtu yule yule. Watu hudhani dhamira ikisumbua mtu hubadilika. Mimi ilinisumbua, nikaizoea, kama mtu anayeishi karibu na kinu.

Jumatano ukumbi wa kikundi ulijaa. Ni chumba kirefu chenye madawati ya shule yaliyotupwa na shule, mapaja yanagonga mbao. Mwenyekiti alifungua, Meneja akasoma ratiba ya kuvuta vizimba: saa kumi na mbili asubuhi, boti mbili, watu wanane. Vifaranga wangefika Jumamosi. Karatasi yangu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa magotini, na mkono wangu ulikuwa juu ya mkoba.

Wifi akanyoosha mkono kabla hatujafika mengineyo.

"Samahani, Mwenyekiti. Naomba tusivute kesho."

Meneja akavua miwani. "Kwa sababu?"

Akasimama. Hakuwa na karatasi. Alisimulia kwamba Alhamisi iliyopita aliwapeleka watoto wa kaka yake, yaani wangu, kucheza juu ya mwamba mkubwa. Mdogo akarusha mpira, ukaangukia majini, hasa mahali pa nukta. Akawaambia wapige kelele waage mpira, unaondoka. Haukuondoka. Walikula vitafunwa, wakamaliza, wakacheza kujificha, saa mbili zikapita, mpira ulikuwa pale pale umekaa kama kuku anayeatamia. "Tulicheka sana," alisema. "Nikaenda kulala nacheka. Halafu jana nikatazama daftari langu na jedwali. Siku zangu zote nilipima bamvua. Sikupima maji mafu hata mara moja. Boti haishuki, nikaona sawa tu. Kosa ni langu."

Nilingoja. Siku nane nilikuwa nimengoja nione nyuso zao zikimgeuka. Mwenyekiti alisema, "Bi Pima, mwanangu, lakini ulituambia ni pazuri."

"Niliwaambia, mama. Naona niliwaambia nusu."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Afadhali amesema." Mwingine akaitikia, "Wangapi wangesema?" Mwanamke aliyekaa karibu naye akamvuta gauni aketi, akampigapiga goti. Ndivyo walivyompokea. Hata kosa lake walilipenda. Nilikuwa nimelilea kosa hilo kama langu, nalilisha, nalifunika, na sasa alikuwa amelichukua mkononi mwangu na kulifanya zuri.

Meneja hakupendezwa. "Mpira wa mtoto si kipimo," alisema. "Mimi nina ripoti yenye kurasa kumi na tisa na vifaranga walio njiani. Una namba?"

"Sina. Naomba siku kumi na tano nipime mzunguko mzima."

"Vifaranga hawatangoja siku kumi na tano. Bila namba, kesho tunavuta."

"Meneja, wakifa..."

"Bila namba," akarudia, "kesho tunavuta."

Wifi alitazama chini. Mwenyekiti alikuwa anamtazama Meneja, kisha wifi, kisha mikono yake mwenyewe.

Ningependa kuandika kwamba niliwafikiria samaki, elfu kumi na mbili, wakipanda juu kutafuta pumzi asubuhi moja ya maji mafu. Au friji la mama yule. Inawezekana niliwafikiria. Lakini pia nilifikiri: yeye ana mpira tu, mimi nina namba. Sijui ni lipi kati ya hayo lililofungua mkoba. Nilisimama nikasema, "Namba zipo," na nikamkabidhi Meneja karatasi.

Meneja alivaa miwani, akaitazama karatasi, akampa wifi aliyekuwa karibu. "Soma kwa sauti, wewe ndiye unayezielewa."

Wifi akaipokea. Niliona macho yake yakianzia juu, kwenye tarehe, kama nilivyomfundisha. Yakakaa hapo. Si muda mrefu, labda mtu wa kukohoa angekohoa mara mbili. Kisha akasoma: mkondo, sentimita moja nukta moja kwa sekunde. Oksijeni mita ya kumi, tatu nukta nne. Joto la maji, mita kwa mita. Akasoma kila mstari isipokuwa wa kwanza.

"Vilipimwa lini?" Meneja akauliza.

"Maji mafu haya yaliyopita," akajibu wifi, na akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwake. "Vinatosha."

Vilitosha. Meneja alitoka nje na simu kuwazuia vifaranga, akarudi na sura ya mtu aliyetukanwa, lakini wauzaji walikubali kungoja majuma matatu. Watu walinishika mkono mlangoni. "Ahsante, Madamu, umetuokoa." Nahodha akasema, "Madamu kumbe una mambo." Ndizo sifa nilizozitaka miaka kumi na saba, zikaja zote siku moja, na kila moja niliipokea huku namtafuta wifi kwa jicho.

Nilimkuta kwenye ngazi za nje, anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa.

"Ijumaa nilikupa ripoti," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unazo tayari."

"Ndiyo, wifi."

Akafunga kiatu cha pili, taratibu. "Nilikuuliza kama kuna kosa." Kisha akasimama, akakung'uta vumbi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Twende, watoto watakuwa wamesharudi toka shule." Tukatembea mpaka nyumbani, yeye mbele kidogo.

Tulipima siku kumi na tano. Siku za maji mafu tulikodi ile mashua ya makasia, na mpiga makasia aliponiona akauliza kama pete imepatikana. Wifi akanitazama, akaelewa hata hilo, akacheka kwa adabu. Nukta iliyochaguliwa mwishoni haikuwa yangu wala yake. Ni robo tatu ya njia kutoka ghubani kwenda rasini, ambako mwamba mkubwa unakinga mawimbi na maji hayalali. Mahali hapo palikuwa pamepita chini ya boti yetu mamia ya mara. Kwenye ripoti aliandika majina mawili, la kwangu likatangulia. Nilimwambia abadilishe. Akasema wewe ni mkubwa.

Mwezi uliofuata alihama. Amepanga chumba karibu na ufukwe, dirisha moja, jiko la mafuta, kitanda nilichomsaidia kubeba. Kaka yake alimwambia nyumba ni yako, unakwenda wapi. Akamjibu kwamba anataka kuwa karibu na vizimba. Binti yangu hulala huko Ijumaa. Akirudi huwa na habari nyingi, ananisimulia nusu.

Kazini tunaongea. Ananiita wifi kama zamani, ananiuliza kama nimekula. Samaki wamefika gramu mia mbili. Kila ninapoingia kwenye boti naona amesogea kunipisha upande usioyumba sana.

Jumapili iliyopita mume wangu aliweka kijiko chini. "Hivi nyinyi mligombana?"

"Muulize dada yako."

"Nimemuuliza mara ngapi. Anasema hakuna kitu, eti unamfundisha kazi vizuri." Akanitazama. "Kuna kitu?"

Watoto walikuwa wanasikiliza. Nilimwongezea mboga. Mimi nilinyamaza siku nane, na kila siku ilinila. Yeye huu ni mwezi wa nne, na wanaomwona wanasema amenenepa. Hata hilo nilimwonea wivu, pale pale mezani, mwiko mkononi.

"Kula," nikamwambia. "Kinapoa."